Je, wajua? Kwa nini timu ya chuo Marekani ikiboronga Septemba tatizo mara nyingi sio mrusha mpira

Kila Septemba kule Marekani kuna shabiki wa timu ya chuo ya futiboli ya Kimarekani ameshika kichwa. Mechi mbili tu zimechezwa, timu haieleweki, na lawama zote anabebeshwa kwotabeki, yule kijana anayepokea mpira na kuurusha. Mimi nilikuwa shabiki wa namna hiyo hiyo, tena wa mbali. Septemba 6, 2014, Ohio State walikuwa nyumbani Columbus wakapigwa na Virginia Tech 35-21, huku kwetu ni saa tisa usiku, nimekaa na laptop na chai iliyopoa, nikasema huyu kwotabeki wa Ohio State, J.T. Barrett, hafai, msimu umeisha.

Nilikuwa na ushahidi, msinicheke. Barrett alirusha mara 29, mipira iliyofika kwa wenzake ni 9 tu, mitatu ikadakwa na wapinzani. Isitoshe hakutakiwa hata kuwepo pale, maana mwenye namba yake Braxton Miller aliumia bega Agosti. Sasa hapo ungemlaumu nani mwingine?

Ila nilikuwa naangalia mpira, na kosa langu lilianzia hapo. Kwenye soka ukifuata mpira kwa macho unaona karibu kila kitu, lakini futiboli ya Kimarekani ukifuata mpira umekosa nusu ya habari, kwa sababu mbele ya kwotabeki kuna majitu matano ambayo kwa kawaida hayagusi mpira kabisa (isipokuwa yule wa kati anayeuanzisha), kazi yao ni kuwa ukuta ili kijana apate kama sekunde tatu za kufikiri. Usiku ule Barrett aliangushwa akiwa na mpira mkononi mara 7. Na kati ya wale watano, wanne walikuwa wapya kwenye nafasi zao, waliokuwepo mwaka uliotangulia walishamaliza muda wao chuoni. Aliyebaki ni Taylor Decker peke yake, na hata yeye alihamishwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Sasa upya una shida gani kwa watu wenye miili kama friji? Chukulia wanaume watano wanapandisha kabati la mninga ghorofa ya tatu Kariakoo. Nguvu wanazo. Wakifika kwenye kona ya ngazi mmoja anainua, mwingine bado anageuka, wa chini anadhani wameshasimama, kabati linamkandamiza ukutani. Wape wiki tatu za kuhamisha vyombo pamoja, utaona mmoja anaguna tu na wengine wameshajua. Halafu ongeza kitu kimoja: hili kabati lina akili, linataka kukuangukia makusudi. Walinzi wa timu pinzani wanaweza kupishana katikati ya mchezo, wa kwako anakimbilia kwa jirani yako na wa jirani anakuja kwako, na ukimfuata wa kwako unagongana na mwenzio, mlango unabaki wazi. Inabidi umwachie jirani na umpokee wake, bila kuulizana, ndani ya chini ya sekunde. Virginia Tech usiku ule walijaza watu palepale katikati, kila mmoja wa wale watatu wa kati akawa na mtu wake usoni.

Mazoezi husaidia kiasi, ila mwenzako wa mazoezini mnajuana. Timu za kulipwa za NFL zina mechi 3 za majaribio kabla ya msimu, za vyuo hazina kitu kama hicho, mechi ya kwanza inahesabika. Kwa hiyo Septemba tunaangalia majaribio ya watu tukidhani ni mtihani wa mwisho.

Kilichonimaliza ubishi ni kilichofuata. Barrett akatulia, akawa moto, Novemba akavunjika kifundo cha mguu, akaingia Cardale Jones, chaguo la tatu! Ohio State wakaichapa Wisconsin 59-0, Alabama 42-35, na Januari 12, 2015 Oregon 42-20, ubingwa huo. Kwotabeki kabadilika, ukuta ni uleule, na nyuma ya ukuta huo mkimbiaji wao Ezekiel Elliott akakimbia na mpira yadi 246 kwenye fainali kama mtu anayepita sebuleni kwake.

Tusizidishe lakini. Tunawakumbuka walioinuka kwa sababu waliinuka. Michigan 2007 walifungwa nyumbani na Appalachian State 34-32, timu ya daraja la chini waliyoilipa dola 400,000 ije kucheza, wiki iliyofuata Oregon wakawapiga 39-7, na hawakufika popote karibu na ubingwa. Kwa upande mwingine Notre Dame 2024 walifungwa na Northern Illinois 16-14 Septemba, ukuta wao nao ukiwa mchanga, kisha wakashinda 13 mfululizo hadi fainali. Timu tatu sio utafiti, najua. Ila mimi siku hizi mechi za Septemba nahesabu kwanza kijana kaangushwa mara ngapi ndio nianze kutukana.

Na Virginia Tech, timu pekee iliyowafunga mabingwa Ohio State msimu ule wa 2014? Jumamosi iliyofuata walifungwa na East Carolina, nyumbani kwao, wakamaliza msimu na ushindi 7 na vipigo 6.