Je, wajua kopo la maji linawezaje kugeuzwa dawa ya kutuliza maumivu?

Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, walionyesha kwamba plastiki ya chupa ya maji inaweza kugeuzwa parasetamoli, dawa ileile tunayomeza kichwa kikiuma. Hapa Arusha makopo hayo huokotwa mitaroni Ngarenaro na Unga Limited, yakajazwa kwenye viroba na kuuzwa kwa kilo. Taka ya mtaroni inafikaje kuwa dawa?

Dawa haimo ndani ya kopo. Kilichomo ni kaboni iliyokwisha kupangwa. Plastiki ya chupa ya maji huitwa PET, na molekuli yake ni ndefu mno, mfano wa uzi wa shanga za Kimasai wenye rangi mbili zinazopishana: asidi ya tereftaliki, kisha ethilini glaikoli, kisha asidi tena, hivyohivyo mara nyingi. Ndani ya asidi hiyo kuna pete ya kaboni 6, na parasetamoli nayo imejengwa juu ya pete ya aina hiyohiyo. Kwa kawaida viwanda vya dawa huipata pete hiyo kutoka kwenye mafuta ya petroli. Kwenye kopo lililotupwa iko tayari.

Urejelezaji tuliouzoea haugusi pete hiyo. Plastiki husagwa, ikaoshwa, ikayeyushwa kwa joto la nyuzi 260 hivi. Kila ikiyeyushwa, hasa ikiwa na unyevu, uzi hukatika ovyo na nguvu hupungua, ndiyo maana makopo mengi huishia kuwa nyuzi za mazulia na nguo badala ya kurudi kuwa chupa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba ni asilimia 9 tu ya taka zote za plastiki zilizozalishwa duniani hadi 2015 ndizo zilizorejelezwa.

Njia mpya ni kukata uzi kwa mpango, palepale shanga zinapoungana. Mwaka 2016 wanasayansi wa Japani walitangaza bakteria waliyempata karibu na kiwanda cha kurejeleza chupa katika mji wa Sakai, wakamwita Ideonella sakaiensis. Bakteria huyo hula PET kwa kutumia vimeng'enya vyake, yaani protini zinazoharakisha kuvunjika kwa chakula, ila taratibu: utando mwembamba ulimchukua wiki 6. Mwaka 2020 kampuni ya Carbios na watafiti wa Toulouse, Ufaransa, walichukua kimeng'enya kingine, kilichopatikana kwenye mboji ya majani, wakakiboresha hadi kikavunja asilimia 90 ya PET ndani ya saa 10, kwenye joto la nyuzi 72.

Edinburgh walisonga mbele zaidi. Asidi ya tereftaliki waliigeuza kwanza kuwa molekuli nyingine, kisha wakawalisha bakteria wa E. coli, jamii ileile inayoishi matumboni mwetu. Ndani ya bakteria hao ukatokea mmenyuko ambao wanakemia waliujua tangu karne ya 19, lakini haukuwahi kuonekana ukifanyika ndani ya kiumbe hai. Watafiti walikuwa wamewapandikiza bakteria jeni mbili, moja ya uyoga na nyingine ya bakteria wa udongoni, na kwa jeni hizo kazi ikakamilika: parasetamoli chini ya saa 24, hadi asilimia 92 ya malighafi ikigeuka dawa. Bado ni kazi ya maabara, hakuna kidonge cha namna hiyo dukani.

Yote haya yanawezekana PET ikiwa safi na peke yake, na hapo ndipo ninapomheshimu mwokota makopo. Anayeng'oa vizibo na kutenga madumu anafanya hatua ya kwanza ya kemia hii, kwa malipo madogo kupita kiasi. Kata kipande cha chupa na kipande cha kizibo, vitumbukize kwenye beseni la maji: cha chupa kitazama, cha kizibo kitaelea, kwa sababu ni plastiki tofauti kabisa. Na vipande vichache tu vya PVC, plastiki ya mabomba, vikichanganyika na PET huharibu mzigo mzima, kwa kuwa vikipata moto hutoa asidi kali.

Madumu na mifuko ni habari nyingine. Plastiki yake, polietilini, ni kaboni iliyoshikana na kaboni mwanzo hadi mwisho, haina maungio ya kurahisisha kazi ya kimeng'enya. Lakini umbo hilo refu linafanana na la asidi za mafuta tunazopikia sabuni. Mwaka 2023 watafiti wa Virginia Tech, Marekani, walieleza jinsi walivyoipasha moto polietilini kwa uangalifu hadi ikakatika kuwa nta, wakaigeuza asidi za mafuta, na mwisho wakapata sabuni. Ni habari njema kwa mji ambao watu bado wanawashia mkaa kwa nailoni, moshi wote ukiingia vifuani mwa watoto.

Kigumu zaidi ni paketi za krispi na biskuti. Nyingi zina tabaka za plastiki tofauti zilizogandishwa pamoja, mara nyingi na utando wa alumini. Mkono hauzitenganishi, maji ya beseni hayazitenganishi, na mnunuzi wa makopo hazipimi. Kwa sasa zinapakiwa kwenye lori na kupelekwa dampo la Muriet.