Je, wajua kwa nini dawa inayonyamazisha sauti kichwani hukakamaza pia shingo?

Kijana aliyeanza juzi kumeza haloperidoli, kwa sababu alikuwa anasikia sauti ambazo wengine nyumbani hawazisikii, anaweza leo kuamka shingo ikiwa imepinda upande mmoja, macho yamepanda juu na hayataki kushuka, na ulimi umekaza kiasi cha kumzuia kusema. Katika familia nyingi tukio hili huzua ugomvi papo hapo: aliyekuwa anashikilia kwamba ni majini husema majini yamekasirika, na aliyeshauri hospitali huanza kushuku kwamba mgonjwa amepewa sumu. Kumbe dawa imefanya kazi ileile iliyotumwa kuifanya, ila imeifanya pia katika sehemu ya ubongo ambayo haikuwa na shida yoyote.

Seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali, na mojawapo ya kemikali hizo ni dopamini. Katika saikosisi, yaani hali ya mtu kushindwa kutenganisha kilicho halisi na kisicho halisi, dopamini humwagika kupita kiasi katika sehemu za ndani za ubongo zinazoamua jambo lipi lina uzito na lipi ni la kupuuzwa. Redio ya jirani, namba ya gari lililopita na kikohozi cha mtu barabarani vyote huanza kuonekana kuwa vina maana ya siri, na maana hiyo humhusu mgonjwa mwenyewe. Dawa za kuzuia saikosisi hukaa juu ya vipokezi vya dopamini, hasa vile vinavyoitwa D2, na kuziba nafasi ili ujumbe huo wa ziada usipokelewe. Sauti haziondoki kwa siku moja. Mara nyingi mgonjwa huanza kwa kusema kwamba bado zipo lakini hazimsumbui tena kama zamani, na wiki kadhaa baadaye zikafifia au zikanyamaza kabisa.

Shida ni kwamba vipokezi hivyohivyo vipo kwingine. Vipo katika sehemu ya ubongo inayoratibu mwendo wa misuli, ambako dopamini ikipungua mwili hukakamaa na kutetemeka kama wa mgonjwa wa Parkinson. Vipo pia katika tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, ambako kazi ya dopamini ni kuzuia homoni ya prolaktini isizidi. Kizuizi hicho kikiondolewa, mwanamke asiyenyonyesha anaweza kutoa maziwa na hedhi yake kukoma, na mwanamume akapungukiwa na nguvu za kiume, jambo ambalo wengi huona haya kumwambia daktari, wakaona afadhali waache dawa kimyakimya. Kidonge kinachomezwa husambaa kote na damu, nacho hakina uwezo wa kuchagua dopamini ya mahali pamoja na kuiacha ya mahali pengine.

Dawa ya kwanza ya jamii hii, klopromazini, haikutafutwa kwa ajili ya wagonjwa wa akili hata kidogo. Ilitengenezwa mwishoni mwa mwaka 1950 katika maabara za kampuni ya Rhône-Poulenc nchini Ufaransa, na Henri Laborit, daktari mpasuaji wa jeshi la wanamaji, ndiye aliyegundua kwamba wagonjwa aliowapa kabla ya upasuaji walibaki macho lakini walikuwa kama hawajali kinachowasubiri. Mwaka 1952 Jean Delay na Pierre Deniker waliitumia kwa wagonjwa wenye saikosisi katika hospitali ya Sainte-Anne mjini Paris, na wodi zilizokuwa na kelele na kamba za kufungia watu zikatulia. Haloperidoli ilifuata mwaka 1958, kutoka maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji. Hakuna aliyejua wakati huo zilivyofanya kazi. Ilikuwa hadi mwaka 1963 ambapo Arvid Carlsson wa Sweden, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel, alieleza kwamba huenda zinaziba vipokezi. Kwa miaka mingi madaktari waliona kwamba dawa na ukakamavu huja pamoja, na baadhi yao wakaamini kwamba mgonjwa asiyekakamaa bado hajapewa dozi ya kutosha. Imani hiyo iliwaumiza watu wengi bila sababu.

Bila sababu, kwa kuwa mambo hayo mawili hayaanzi pamoja. Mwaka 2000 watafiti wa Toronto nchini Kanada, wakitumia mashine inayopiga picha za ubongo ukiwa kazini, walionyesha kwamba wagonjwa wengi huanza kupata nafuu pale dawa inapoziba takriban asilimia 65 ya vipokezi vya D2, kwamba prolaktini hupanda kuanzia karibu asilimia 72, na kwamba ukakamavu huanza kujitokeza ikishapita asilimia 78. Nafasi iliyopo kati ya nafuu na adha ni nyembamba, lakini ipo. Uchunguzi wa awali wa kundi hilohilo ulionyesha pia kwamba miligramu 2 tu za haloperidoli kwa siku ziliziba wastani wa asilimia 67. Msomaji anayemfahamu mgonjwa aliyewahi kupewa miligramu 10 au 20 kwa siku, miezi na miezi, ataona mara moja kwa nini mgonjwa huyo alikuwa akitembea bila kupunga mikono na kutokwa na udenda. Dozi kubwa ina mahali pake, hasa siku za mwanzo kwa mgonjwa aliyevurugika sana, lakini dozi ya dharura ambayo haikupunguzwa tena kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuiangalia upya ni chanzo cha mateso mengi yanayodhaniwa kuwa ni ugonjwa wenyewe.

Hili lina uzito wa pekee kwetu Afrika Mashariki, kwa sababu vituo vingi vya umma vimetegemea kwa muda mrefu dawa za zamani: haloperidoli, klopromazini ambayo wengi huijua kwa jina la Largactil, na flufenazini, ile sindano ya kila mwezi iitwayo Modecate. Ni dawa nzuri, na za bei nafuu, lakini ndizo zinazokakamaza zaidi. Shingo iliyopinda na macho yaliyopanda hutokea kwa kawaida katika siku chache za kwanza, hasa kwa vijana wa kiume, na huondoka haraka mgonjwa akichomwa sindano ya dawa kama biperideni au promethazini. Vidonge vya benzheksoli, maarufu kama Artane, hutumika kuzuia hali hiyo isirudi. Ndugu aliyeelezwa jambo hili mapema humrudisha mgonjwa kituoni, akapata nafuu siku hiyohiyo. Ambaye hakuelezwa hatarudi tena, na anaweza kukataa dawa za hospitali maisha yake yote. Kwa maoni yangu, dakika tano za maelezo siku ya kuanza dawa zinaokoa tiba nyingi kuliko badiliko lolote la chapa ya dawa.

Kuna adha nyingine isiyoonekana kwa urahisi, nayo ni kutotulia. Mgonjwa hawezi kukaa. Anasimama, anatembea, anarudi, anahamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, na ndani yake anahisi fadhaa asiyoweza kuieleza. Ni rahisi sana kudhani kwamba saikosisi imezidi, akaongezewa dawa, na dawa ikamzidishia fadhaa. Swali la kumuuliza ni kama anahisi miguu yake inamlazimisha kutembea hata pale ambapo mwenyewe hataki.

Baada ya hayo yote mtu anaweza kuuliza kwa nini basi dawa hizi zinywewe. Jibu linapatikana kwa kuangalia kinachotokea zinapoachwa. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliokusanya majaribio 65 ya watu wenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili wa muda mrefu unaoleta saikosisi, waliokuwa wamekwisha kutulia, ulionyesha kwamba katika mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Ni tofauti kubwa ambayo dawa nyingi za magonjwa mengine haziifikii. Ugonjwa unaporudi hauji na sauti peke yake. Huja na kazi kupotea, ndoa kuvunjika, mtoto kuacha chuo, na mara nyingine mtu kufungwa kamba na watu wa nyumbani kwake. Nchini Finland, watu zaidi ya 62,000 wenye skizofrenia walifuatiliwa kwa hadi miaka 20, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba waliofariki katika kipindi hicho walikadiriwa kuwa asilimia 46 miongoni mwa wasiotumia dawa, na asilimia 26 miongoni mwa waliotumia. Ni kweli kwamba anayekataa dawa huenda anatofautiana na anayekubali kwa mambo mengine pia, kwa hiyo tofauti yote haiwezi kuhesabiwa kuwa kazi ya dawa. Lakini dai kwamba dawa hizi kwa jumla zinafupisha maisha halipati nguvu hapo.

Dawa mpya zaidi, kama risperidoni, olanzapini na kwetiapini, zilipokelewa kwa shangwe kwa kuwa hukakamaza kidogo. Baadaye ikaonekana kwamba baadhi yake zina mzigo mwingine. Olanzapini huamsha njaa isiyoshiba, na mtu anaweza kuongezeka kilo nyingi katika miezi michache, sukari na mafuta ya damu yakapanda, na kisukari kikaingia kwa mtu ambaye angeweza kukikwepa. Kwa hiyo mizani, futi ya kupimia kiuno na kipimo cha sukari ni sehemu ya tiba tangu siku ya kwanza. Inasikitisha kwamba katika kliniki nyingi mgonjwa huulizwa kuhusu sauti tu, akaandikiwa dawa na kuambiwa arudi mwezi ujao.

Klozapini, dawa nyingine ya kuzuia saikosisi, ndiyo inayoonyesha wazi zaidi kwamba hatari ikijulikana inaweza kusimamiwa. Mwaka 1975, wagonjwa 8 nchini Finland walifariki baada ya chembe nyeupe zao za damu kushuka, na dawa ikaondolewa katika nchi kadhaa. Ilirudi kwa nguvu baada ya utafiti wa Marekani wa mwaka 1988 kuonyesha kwamba miongoni mwa wagonjwa ambao dawa nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, asilimia 30 walipata nafuu kwa klozapini, wakati waliopata nafuu kwa klopromazini walikuwa asilimia 4 tu. Damu hupimwa mara kwa mara, hasa katika wiki 18 za mwanzo, kwa sababu hatari hiyo huwakumba watu wasiofika mmoja kati ya 100, na wengi wao ni katika kipindi hicho. Jambo linalosahaulika ni choo. Klozapini inaweza kufunga choo kiasi cha utumbo kusimama na mgonjwa kufariki, kwa hiyo mgonjwa wa klozapini aulizwe kuhusu choo chake kila anapokuja kliniki, bila haya.

Mazingira nayo yanaingilia. Moshi wa sigara hulifanya ini liondoe klozapini na olanzapini kwa kasi zaidi, hivyo mvutaji anayeacha ghafla, labda kwa sababu amelazwa, anaweza kujikuta na dawa nyingi mno mwilini ingawa kidonge hakijabadilika. Miraa, ambayo wengine huiita mirungi, ina kathinoni inayochochea kumwagwa kwa dopamini, na bangi huongeza uwezekano wa saikosisi kurudi. Anayetafuna miraa jioni huku akimeza dawa asubuhi anavuta kamba pande mbili. Klopromazini hufanya ngozi iungue upesi juani, na dawa hizi kwa jumla huvuruga uwezo wa mwili kujipoza, jambo la kuzingatiwa na mtu anayelima au kuvua katika joto la pwani.

Dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki ni homa kali inayofuatana na mwili kukakamaa kama ubao, jasho jingi na kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya kuua, na katika nchi zenye malaria homa hiyo huweza kutibiwa kama malaria huku dawa ya saikosisi ikiendelea kutolewa. Mhudumu aambiwe mapema kwamba mgonjwa anatumia dawa hizi. Kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo, mwaka 2005 kuhusu dawa mpya na mwaka 2008 kuhusu zile za zamani, kwamba dawa hizi huongeza vifo, kwa hiyo kumpa bibi haloperidoli ili tu asisumbue usiku si uamuzi wa kuchukuliwa kirahisi.

Katika matumizi ya miaka mingi, hofu kubwa ni mdomo na ulimi kuanza kuchezacheza bila hiari, hali inayoweza kubaki hata dawa ikiachwa. Kwa dawa za zamani imekadiriwa kuwapata karibu watu 5 kati ya 100 kila mwaka, na wazee zaidi. Ndiyo sababu swali la kupunguza dozi ni halali. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013, uliofuatilia watu 103 kwa miaka 7 tangu kipindi chao cha kwanza cha ugonjwa, uliwapa moyo wanaotaka kupunguza: waliopunguziwa au kuachishwa dawa mapema walirejea katika maisha yao kwa asilimia 40, dhidi ya asilimia 18 ya walioendelea na dozi. Lakini jaribio la Uingereza la mwaka 2023, la watu 253 wengi wao wakiwa wameugua kwa muda mrefu, lilionyesha kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa uliwarudia vibaya asilimia 25 ya waliopunguziwa na asilimia 13 ya walioendelea, bila faida iliyoonekana katika maisha yao ya kila siku. Mimi huona kwamba tafiti hizi mbili zinazungumzia watu tofauti, na mgonjwa wa kipindi cha kwanza ana nafasi ambayo aliyerudiwa na ugonjwa mara tano hana.

Anayepunguza, kwa makubaliano na daktari wake, afahamu pia kwamba vipokezi havifunguki sawasawa na miligramu zinavyopungua. Kwa haloperidoli, kushuka kutoka miligramu 10 hadi 8 kunaweza kusionekane kabisa, wakati kutoka miligramu 1 hadi sifuri ndiko kunakofungua sehemu kubwa ya vipokezi kwa mpigo, na ndiyo maana hatua za mwisho huhitaji kuwa ndogo zaidi na kuchukua miezi. Dalili ya kwanza ya kurudi kwa ugonjwa mara nyingi huwa usingizi: mtu anaanza kukesha, siku ya pili, ya tatu, kabla hata sauti moja haijasikika, na anayeliona hilo kwanza ni yule anayelala naye nyumba moja.