Usaliti wa Yuda ukisomwa kwa ndani maana yake nini

Kuna wanaosoma habari ya Yuda bila kumtafuta mtu wa zamani, wanamtafuta ndani yao. Ndo kusoma Maandiko kimistiki, yaani Yesu, Yuda, Petro na wote waliokaa pale mezani wanachukuliwa kama hali za ufahamu wa mtu mmoja, na huyo mtu ni wewe unayesoma. Sio jambo jipya, Origen wa Alexandria karne ya 3 alishafundisha kwamba andiko lina maana ya juu na nyingine iliyofichika ndani, halafu karne ya 20 Neville Goddard, mzaliwa wa Barbados aliyefundisha Marekani, akafika mpaka kusema Biblia ni habari ya nafsi wala sio historia. Hapo kwenye historia mimi simfuati, Yuda naamini aliishi, ila alichofanya kinaendelea kutokea ndani ya watu.

Sasa usaliti wenyewe ni nini? Ni pale kitu ndani yako kinapoiuza kweli ambayo tayari unaijua. Kristo ndo ule ufahamu unaojua lililo sawa, Yuda ni akili inayopiga hesabu, ndo maana kwenye Mathayo 26 anawauliza makuhani watampa nini, wakamhesabia vipande 30 vya fedha. Na hakutoka mbali, alikuwa anakula na Yesu na wanafunzi wenzake, na Yohana 18 inasema ile bustani Yesu alikokamatiwa aliijua maana Yesu alizoea kwenda huko na wanafunzi wake. Hii ndo inanigusa kuliko yote, kwamba kinachoweza kuuza kweli ndani ya mtu ni kile kilichokaa nayo karibu, kinajua unasali wapi na unalegea saa ngapi, na kikija kinakuja na busu, kinakuambia taratibu "Mungu anaelewa, mara hii tu". Hakuna anayejisaliti kwa kujitukana.

Halafu tazama pale mezani, Yesu akisema mmoja wenu atanisaliti hakuna anayemnyooshea mwenzake kidole, wanauliza mmoja mmoja, "Ni mimi, Bwana?" Hata wasiokuwa na mpango wowote wanauliza! Swali hilo ndo mlango wa usomaji huu wote. Waliokataa kujiuliza walimgeuza Yuda kuwa sura ya Wayahudi wote, wakawachukia na kuwaua kwa karne nyingi.

Petro naye alianguka usiku uleule, akamkana Yesu. Wote wawili walijuta, Yuda mpaka akarudisha hela akakiri amesaliti damu isiyo na hatia, ila alikiri kwa walewale makuhani waliomnunua, nao wakamwambia hayo yatuhusu nini, wakati Petro alitazamwa na Bwana akatoka nje akalia. Kwa hiyo majuto yapo pande zote mbili, tofauti ni unayapeleka kwa nani, kwa ile hesabu au kwa ile kweli uliyoiacha.

Ila tusichanganye mambo, aliyesalitiwa na mtu wake wa karibu usimwambie eti ni ufahamu wake umeleta hayo. Usomaji huu unahusu unachoifanyia kweli uliyonayo, hauhusu ulichotendwa na wengine.