Wingu la Radi na Mapovu ya Usiku Juu ya Ikweta

Kuna jioni ambazo ishara za GPS ninazofuatilia hutulia hadi alfajiri. Kesho yake, ikifika saa mbili usiku, zinaanza kutetemeka: mapovu ya plazima, yaani sehemu nyepesi ndani ya hewa ya juu sana yenye chembe za umeme (ioni na elektroni), yamepanda juu yetu. Jua ni lile lile, msimu ni ule ule. Nini kimebadilika?

Jambo lenyewe si geni. Mwaka 1938 wanasayansi Booker na Wells walieleza mwangwi wa mawimbi ya redio yaliyorushwa angani huko Huancayo, Peru, uliorudi umetawanyika badala ya kurudi kama mstari safi.

Mimina mafuta ya kupikia kwenye glasi, kisha maji juu yake. Maji huzama, mafuta hupanda. Baada ya machweo, plazima ya chini hupungua upesi kwa kuwa ioni na elektroni zinaungana tena, ilhali tabaka la juu, kwenye kilomita 300 hivi, linabaki zito. Linashikiliwa na sumaku ya dunia, ambayo mistari yake hapa ikweta imelala karibu sambamba na ardhi. Yaani maji yako juu ya mafuta.

Ila hali hiyo hutokea jioni nyingi bila povu hata moja. Pa kuanzia panahitajika, na hapo ndipo yanapoingia mawimbi ya graviti ya angahewa. Si yale ya Einstein. Haya ni ya hewa: ikisukumwa juu, uzito wake huivuta chini, ikapitiliza, ikarudi tena. Wingu la radi likitutumka huyatoa kwa wingi. Hewa ya kilomita 100 ni nyepesi zaidi ya mara milioni kuliko ya pwani, kwa hiyo wimbi dogo likipanda hukua. Mengi huvunjika njiani, na kuvunjika huko huzaa mengine yanayofika mbali zaidi. Upepo wake husukuma ioni kukata mistari ya sumaku, uga wa umeme unazuka, na kitako cha tabaka kinapata mikunjo. Mkunjo unaoinuka ndio unaogeuka povu.

Kwa maoni yangu wimbi peke yake halitoshi. Tabaka lisipoinuliwa vya kutosha jioni, wimbi hupita bure. Kwetu Afrika Mashariki mistari ya sumaku inaelekea karibu kaskazini-kusini, hivyo mwezi Machi na Septemba giza huingia kwenye ncha zake zote mbili kwa pamoja, na tabaka hupanda kwa nguvu. Machi pia masika yanaanza. Siku hizi, kabla ya kufungua data za jioni, nafungua kwanza picha za setilaiti za mawingu ya alasiri.