"Mwambie tu ukweli, wewe atakusikiliza"

Hapa Tabora hiyo ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko salamu. Ndugu wanamleta mzee wao kwangu, mimi mshauri, wanamkalisha, wananigeukia: mwambie. Wanaamini anashikilia uongo kwa sababu hajaambiwa.

Ameambiwa sana. Chukua bibi wa Isevya anayeamini mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Kasikia kliniki, kasikia redioni, kwamba mara nyingi ni malaria iliyopanda kichwani. Lakini miaka ya nyuma aliamua mjukuu aanzie kwa mganga, na mtoto akafariki. Akikubali leo kwamba sindano inatibu, amekubali pia kwamba yule mtoto pengine angepona. Nani anataka kulala na wazo hilo? Mwanasaikolojia Leon Festinger aliieleza hali hii mwaka 1957: mawazo mawili yakigongana mtu hukosa raha, naye huupinda ushahidi ili asijihukumu.

Wala si mambo ya vikongwe. Mwaka 1979, katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wanafunzi waliounga mkono adhabu ya kifo na walioipinga walisomeshwa tafiti zilezile mbili zinazopingana. Kila upande ulisifu utafiti uliouunga mkono, ukautafutia kasoro ule mwingine, na wote wakaondoka na uhakika zaidi.

Kwa hiyo vikao vya ukoo acheni, nawaomba. Mbele ya wakwe na mashemeji nani atasema "nilikosea"? Kaa naye wawili, umuulize: "Bibi, ukiona nini utakubali tumpeleke mtoto hospitali?" Kisha nyamaza, hapo ndipo wengi wanashindwa. Na mpe pa kutokea: "Enzi zile hata zahanati ilikuwa mbali, bibi."

Eti wasomi hubadilika upesi? Wapi! Dan Kahan wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na wenzake walionyesha mwaka 2013 kwamba kwenye takwimu za udhibiti wa bunduki, wajuzi wa hesabu ndio waliogawanyika zaidi kisiasa. Msomi ana maneno mengi ya kujitetea, basi.

Eti ukimkosoa ndiyo anazidi kushikilia uongo wake? Watafiti Wood na Porter walijaribu mada 52 kwa zaidi ya watu 10,000, wakachapisha mwaka 2019. Hilo karibu hawakuliona kabisa. Kosoeni, ila kwa adabu.

Na mtoto akianza kukakamaa leo usiku, msinisubiri mimi wala ridhaa ya bibi. Hospitali kwanza.