Mjamzito Mwenye Miasthenia: Vidonge Havifungiwi Kabatini

Wanawake wenye miasthenia ninaowapokea wakiwa hoi katikati ya ujauzito, wengi wamepita njia ile ile. Kipimo kimeonyesha mistari miwili, furaha ikajaa nyumbani, vidonge vikafungiwa kabatini "kwa ajili ya mtoto". Siku chache baadaye mama analetwa ameshikwa huku na huku, shingo haibebi kichwa, hata mate yake mwenyewe hayamezi. Maswali yafuatayo nayajibu karibu kila kliniki.

Miasthenia ni ugonjwa gani?

Ni ugonjwa wa kinga ya mwili kumgeukia mwenyewe. Neva ikitaka msuli ufanye kazi hutoa kemikali iitwayo asetilikolini, nayo hupokelewa na vipokezi vilivyo kwenye msuli. Mwenye miasthenia ana kingamwili zinazoziba na kuharibu vipokezi hivyo. Amri inatumwa, msuli hauipati sawasawa. Kadiri unavyoutumia ndivyo unavyolegea; ukipumzika, nguvu zinarudi. Hauambukizi, na kwa wanawake hupenda kuanza kabla ya miaka 40, yaani katika umri ule ule wa kuzaa.

Kila mjamzito huchoka. Nitajuaje kwamba huu si uchovu wa kawaida?

Uchovu wa mimba humlaza mtu; haumwangushi kope la jicho. Mwenye miasthenia asubuhi anaweza kuwa mzima kabisa, jioni kope limeshuka, anaona vitu viwiliviwili, sauti inatokea puani. Taya zinachoka kabla sahani haijaisha. Mikono inashindwa kumaliza kusuka nywele. Ukiona hivyo fika kituo cha afya, na ukijibiwa "ni mimba tu hiyo", omba kwa heshima uonwe na daktari mwingine.

Nimegundua nina mimba. Niache dawa kwanza, nizirudie mtoto akikomaa?

Hapana. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo unayotaka kuiacha dawa, na miezi hiyo hiyo ndiyo ugonjwa huu hupenda kuchachamaa. Unavua koti mvua inapoanza kunyesha.

Usiache dawa. Usipunguze nusu kidonge. Usiruke siku moja "ili mwili upumzike". Piga simu au nenda kwa daktari wako wiki hiyo hiyo, yeye ndiye aseme kipi kibaki na kipi kibadilishwe.

Lakini kila kidonge si ni sumu kwa mtoto?

Hapana tena. Piridostigmini, kile kidonge kinachoupa msuli nguvu kwa saa chache, hutumika katika ujauzito na ndicho tegemeo la wengi. Prednisoloni, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, nayo hutumika, ila tutakupima sukari na presha mara kwa mara kwa sababu hupandisha vyote viwili. Azathioprini, nayo ya kutuliza kinga, pia daktari anaweza kuiendeleza.

Katika dawa za kutuliza kinga zipo mbili ambazo kweli humdhuru mtoto: mikofenolati na methotreksati. Hizo huachwa kabla mimba haijatungwa, wiki kadhaa au miezi kabla, na nyingine kuwekwa mahali pake. Kama mimba imekukuta unameza mojawapo, njoo leo. Hata hapo usijibadilishie mwenyewe.

Kinachomtisha mtoto zaidi ni mama asiyepumua vizuri. Hewa yake yote inapitia kwako.

Je, mimba itauzidisha ugonjwa wangu?

Hatuwezi kukutabiria. Kwa makadirio, theluthi moja ya akina mama hupata nafuu, theluthi hubaki walivyokuwa, theluthi huzidiwa. Na mimba ya kwanza ikienda vizuri haina maana ya pili itafuata nyayo zake. Wanaoanza ujauzito ugonjwa ukiwa umetulia huvuka kwa urahisi zaidi, ndiyo maana tunaomba mzungumze na daktari kabla ya kutafuta mimba. Upasuaji wa kuondoa thaimasi, tezi ya kinga iliyo kifuani, kama umeshauriwa, hufanywa kabla ya mimba au baada ya kujifungua.

Natapika kila ninachomeza, vidonge vikiwemo. Nifanye nini?

Kidonge kilichotapikwa ni kama hakikumezwa. Usikae nyumbani ukisema "kichefuchefu kitaisha mwezi wa nne". Njoo upewe dawa ya kuzuia kutapika na mpango wa vidonge urekebishwe. Usiongeze dozi kwa kubahatisha pia: piridostigmini ikizidi huleta kuhara, mate mengi, na udhaifu ule ule unaoukimbia.

Kuna dawa ambazo sitakiwi kupewa?

Zipo, na hapa nawaambia hata wahudumu wenzangu. Sindano ya magneziamu, tunayoitumia sana kwa kifafa cha mimba, inaweza kumnyima pumzi mwenye miasthenia. Kifafa chake cha mimba hutibiwa kwa dawa nyingine. Antibiotiki kama jentamaisini, siprofloksasini na erithromaisini zinaweza kuamsha ugonjwa. Propranololi ya presha na kwinini ya malaria vilevile. Andikisha neno MIASTHENIA kwa herufi kubwa juu ya kadi ya kliniki, na liseme kwa kila anayekushikia sindano. Usione haya kulirudia.

Maambukizi nayo huuchochea. Mkojo ukikuchoma au homa ikipanda, usinunue antibiotiki dukani. Huenda ukanunua mojawapo ya hizo nilizotaja.

Nitajifungua kwa njia ya kawaida?

Kwa wengi, ndiyo. Mfuko wa uzazi ni msuli wa aina nyingine ambao ugonjwa huu hauugusi, hivyo uchungu huenda kama kwa mama yeyote. Shida huja wakati wa kusukuma, maana hapo unatumia misuli ya tumbo na kifua ambayo huchoka upesi. Mkunga akijua mapema, daktari husaidia kumvuta mtoto kwa chombo. Miasthenia peke yake si sababu ya kupasuliwa. Vidonge unaendelea navyo hata ukiwa kwenye uchungu, na mahali pa kujifungulia ni hospitali yenye daktari wa usingizi na chumba cha watoto wachanga.

Mtoto atazaliwa nao?

Kingamwili zako hupita kwenye kondo la nyuma. Kati ya watoto 100 wa mama wenye ugonjwa huu, 10 hadi 20 huzaliwa na ulegevu wa muda: kunyonya kwa shida, kilio chembamba, mwili kulegea, wakati mwingine kupumua kwa tabu. Hujitokeza ndani ya siku 3 za kwanza na huisha ndani ya wiki chache. Kwa hiyo usidai kuruhusiwa siku ile ile, hata kama mtoto anaonekana mzima. Kunyonyesha ruksa kwa mwenye kutumia piridostigmini na prednisoloni.

Lini niache kila kitu nikimbilie hospitali?

Ukipumua kwa shida, hasa ukilala chali. Ukishindwa kumeza mate. Ukishindwa kukohoa kwa nguvu. Vuta pumzi moja, hesabu kwa sauti bila kuvuta nyingine. Kama hufiki 20 na jana ulifika, usisubiri asubuhi. Na usilale kidogo "uone". Misuli ya kupumua ikichoka, kinachosaidia ni mashine, nayo haipo nyumbani.

Nimejifungua salama, mtoto yupo. Sasa naweza kupumzika na hizi dawa?

Hapana, kwa mara ya tatu. Wiki za kwanza baada ya kujifungua ni kipindi kingine cha hatari: usingizi haupo, mwili umechoka, na nyumba nzima inamwangalia mtoto. Wewe nani anakuangalia? Mwombe mumeo, mama yako au dada yako akushikie saa ya vidonge, na amwamkie mtoto usiku ili ulale. Akikusikia unaongea kwa sauti ya puani, akuhesabishe hadi 20.