Je, wajua kwa nini rekodi ya kesi ya jinai Uganda hutafutwa kwa namba, si kwa jina?

Siku hizi mtu akitaka kujua kama fulani aliwahi kushtakiwa kwa wizi au kwa kupiga mtu, hukimbilia simu: aandike jina, asubiri majibu. Katika kaunti nyingi za Marekani jambo hilo huwezekana, kwa sababu karani wa mahakama ya kaunti hutunza kumbukumbu za kesi, na sehemu kubwa ya kumbukumbu hizo hutafutwa mtandaoni kwa jina la mshtakiwa. Fanya hivyo ukiwa Bukonzo Magharibi, wilayani Kasese, jirani na mpaka wa Mpondwe unaoelekea Kongo, na kwa kawaida hutapata kitu. Wengi huishia hapo wakidhani rekodi ni siri ya serikali. Si siri. Rekodi ipo, na Katiba ya Uganda inakupa njia ya kuifikia. Ugumu ni kwamba imegawanyika katika ofisi kadhaa, kila ofisi inaitunza kwa namba yake yenyewe, na kaunti haimo kabisa katika mnyororo huo.

Kaunti ya Uganda ni eneo la utawala na la kumchagua mbunge. Haina mahakama yake wala karani wake. Mahakama hufuata maeneo ya mahakimu: Bwera kuna hakimu wa daraja la kwanza, Kasese mjini kuna hakimu mkuu, na kwa miaka mingi kesi nzito za wilaya hiyo zilikuwa chini ya Mahakama Kuu ya Fort Portal. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza habari za kesi, uliza kwanza ilisikilizwa mahakama ipi.

Tufuate kesi moja ya kawaida, tuseme wizi wa mbuzi. Mwenye mbuzi anakwenda kituo cha polisi, na malalamiko yake yanaandikwa katika kitabu cha matukio cha kituo. Hapo inapatikana namba ya kwanza, ambayo polisi wote wa Uganda huiita SD. Wakiona kuna kosa la jinai la kupelelezwa, wanafungua faili na kuliingiza katika kitabu cha makosa, nalo linapata namba ya pili, CRB. Faili linapelekwa kwa wakili wa serikali, aliye chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye huamua kama ushahidi unatosha kumfikisha mtu kortini. Akikubali, hati ya mashtaka inasajiliwa na mahakama inatoa namba yake yenyewe, kwa mfano Jinai Namba 45 ya mwaka fulani. Mshtakiwa akipelekwa rumande, gereza nalo linamwandika kwa namba ya gereza.

Mbuzi ni mmoja, namba ni nne. Karani wa mahakama akipewa namba ya SD hawezi kufanya lolote nayo, na polisi akipewa namba ya korti atakuuliza CRB. Jina peke yake halimsaidii hata mmoja wao, kwa maana rejista hupangwa kwa mwaka na kwa mfuatano wa kesi zinavyoingia, si kwa alfabeti ya majina. Tena majina yenyewe hayatulii. Miongoni mwa Wakonzo, wenyeji wa Kasese, watoto hupewa majina kwa mpangilio wa kuzaliwa, ndiyo maana wapo akina Baluku, Bwambale na Masereka wasiohesabika. Anayetafuta Baluku aliyeshtakiwa Kasese atawapata wengi, na akimkamata asiye yeye amemharibia jina mtu asiye na hatia. Kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuiheshimu namba, hata pale inapochosha.

Kesi ikiwa kubwa, faili halikai mahali pamoja. Hakimu wa daraja la kwanza hawezi kusikiliza kosa ambalo adhabu yake ya juu ni kifo au kifungo cha maisha, na hakimu mkuu hawezi kusikiliza lile la kifo. Mauaji, kwa mfano, huanza kwa hakimu, mshtakiwa akasomewa shtaka bila kuulizwa kama anakubali au anakataa, kisha kesi ikakabidhiwa Mahakama Kuu isubiri kikao. Huko inapata namba mpya, ndefu, inayosomeka ukijua sehemu zake: katika HCT-01-CR-SC, HCT-01 ni Mahakama Kuu ya Fort Portal, CR ni jinai, na SC ni kesi ya kikao. Aliyehudhuria siku ya kwanza Kasese akirudi miaka miwili baadaye kuomba mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu ya yote yaliyosemwa kortini, ataambiwa haupo, na karani atakuwa anasema kweli. Rufaa nayo huhamisha faili. Aliyehukumiwa ana siku 14 za kutoa taarifa ya kukata rufaa, na akifanya hivyo kumbukumbu za kesi hupelekwa mahakama ya juu.

Mfano unaojulikana na wengi ni ule wa mfalme wa Rwenzururu, ufalme wa Wakonzo, Charles Wesley Mumbere. Alikamatwa Kasese Novemba 2016 baada ya vikosi vya serikali kushambulia kasri lake, lakini alifikishwa kortini Jinja, upande wa pili wa nchi. Juni 2023 Mkurugenzi wa Mashtaka aliondoa mashtaka dhidi yake. Anayesaka rekodi hiyo katika rejista za Kasese atapoteza muda. Na anayeishia kwenye ukurasa wa mwaka 2016, bila kufika ule wa 2023, ataondoka akiamini jambo lisilo kweli.

Hilo ndilo linalonigusa zaidi katika habari hii yote. Kijijini watu humwona mwenzao akipandishwa kwenye gari la polisi. Wanahesabu siku alizokaa ndani. Siku anayoachiliwa hakuna anayesoma hukumu, kwa hiyo anarudi nyumbani na jina la mwizi. Kuna aliyeachiwa kwa kukosa hatia, kuna ambaye mashtaka yake yaliondolewa, kuna ambaye kesi yake ilifutwa kwa sababu mashahidi hawakutokea, na kuna aliyetiwa hatiani akatumikia kifungo. Mitaani wote wanne huitwa kwa jina moja. Ni rekodi ya mahakama tu inayowatenganisha.

Pengo hili linaifikia hata mahakama yenyewe. Mtu akishatiwa hatiani, kabla ya adhabu, upande wa mashtaka huulizwa habari za makosa yake ya nyuma. Katika hukumu za Uganda jibu linalojirudia sana ni kwamba serikali haina kumbukumbu ya makosa ya awali, basi mshtakiwa achukuliwe kuwa mkosaji wa mara ya kwanza. Mara nyingi ni kweli. Lakini aliyefungwa wilaya nyingine miaka kumi iliyopita anaweza kusimama mbele ya hakimu mpya kama mgeni kabisa.

Sheria inasemaje? Kifungu cha 28 cha Katiba ya 1995 kinataka kesi isikilizwe hadharani, ingawa mahakama yaweza kuwatoa nje wasikilizaji kwa sababu za maadili, utulivu au usalama wa taifa. Kifungu hichohicho kinasema kwamba baada ya hukumu, aliyeshtakiwa au mtu yeyote aliyemruhusu ana haki ya kupata nakala ya mwenendo wa kesi akilipa ada iliyowekwa. Hapo hakuna sharti la uraia: mfanyabiashara Mkongomani aliyeshtakiwa Bwera anayo haki hiyo sawa na mwenyeji. Kwa asiyehusika na kesi, tegemeo ni kifungu cha 41, kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, pamoja na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2005. Sheria hiyo haigusi kumbukumbu za kesi ambayo haijakwisha, na faragha ya watu wengine inalindwa. Kesi za watoto husikilizwa faraghani na jina la mtoto halitangazwi. Hakuna haja ya kugombana na karani juu ya hilo, maana analinda maisha ya mtoto.

Kwa vitendo, kazi huanza na kukusanya namba. Kama hunayo, waulize waliopita njia hiyo. Mlalamikaji huwa na SD, mdhamini huwa na karatasi ya dhamana yenye namba ya korti, na hati iliyompeleka mfungwa gerezani hutaja mahakama na kesi. Kisha andika barua kwa hakimu mkuu, au kwa msajili ikiwa ni Mahakama Kuu, ukitaja namba, jina la mshtakiwa, mwaka, na unachotaka: kusoma faili, nakala ya hukumu, au mwenendo mzima. Hukumu peke yake hupatikana upesi kuliko mwenendo. Ada hulipwa benki au kwa simu, kwa namba ya malipo ya PRN. Anayetaka noti mkononi bila risiti haombi ada ya mahakama.

Subira itahitajika, na sababu si uzembe siku zote. Katika mahakama nyingi za vijijini hakimu huandika ushahidi kwa mkono. Shahidi anasema kwa Lukonzo, mkalimani anatafsiri, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya pili katika Katiba tangu 2005, lakini kumbukumbu za korti bado ni za Kiingereza. Ukiomba nakala, kurasa zile lazima zichapwe, zisahihishwe na kuthibitishwa kwa mhuri. Mwaka 2022 Mahakama ilizindua mfumo wa kielektroniki uitwao ECCMIS, ukianza na mahakama chache, nyingi zikiwa za Kampala. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na za juu yake zinasomwa bure katika tovuti ya ULII. Za mahakimu, ambako ndiko kesi nyingi za kijijini huishia, ni nadra kuziona humo.

Wapo wanaodhani barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inatosha. Barua hiyo inasema tu kwamba kijiji kinakufahamu; mwenyekiti hana rejista ya jinai ya nchi. Hati ya tabia njema, inayoombwa na waajiri na balozi, hutolewa na Interpol ya Polisi, Kampala, baada ya mwombaji mwenyewe kuchukuliwa alama za vidole. Huwezi kumwombea jirani yako.

Ukiomba habari kwa sheria ya 2005, ofisi ina siku 21 za kukujibu, na ikikaa kimya kupita hapo, huhesabiwa kuwa imekataa. Aliyekataliwa anaweza kulalamika kwa hakimu mkuu, na kutoka hapo kukata rufaa Mahakama Kuu. Na asiyejua kusoma na kuandika hazuiwi: sheria inamruhusu aombe kwa mdomo, na afisa wa ofisi hiyo ndiye anayepaswa kuliandika ombi na kumpa nakala yake.